Siku Nikikasirika Niende Wapi

Bibi yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita Koko kama Waarusha wanavyowaita bibi zao, hakuwahi kumaliza mwaka katika nyumba moja mpaka alipojengewa nyumba nzuri. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Binti yake mkubwa aliolewa na Mmeru huko Maji ya Chai. Wa pili, mama yangu, aliolewa na baba, Mchaga aliyekuja Arusha kufanya kazi kiwandani, na sisi tuliishi Themi. Wa mwisho ni mjomba wangu, aliyebaki kwenye ardhi ya baba yake juu kidogo ya Ngaramtoni. Kwa desturi ya Waarusha mama huzeekea kwa mwanawe wa mwisho, kwa hiyo ukiuliza ungeambiwa Koko anaishi Ngaramtoni. Ukienda kumtafuta huko, mara nyingi usingemkuta.

Aliondoka bila kuaga. Asubuhi tungeamka tukute blanketi lake limekunjwa na kikapu hakipo, na mama angesema, "Amekwenda kwa mwanawe," au, "Amekwenda kwa dada," kutegemea alikuwa amegombana na nani mara ya mwisho. Maana Koko hakuondoka mahali kwa amani. Alipoona amekaa vya kutosha alitafuta ugomvi. Alisema chai ya mama ni maji ya kusuuzia vikombe. Alimwambia baba kwamba Wachaga wanaipenda migomba yao kuliko wakwe zao. Baba alicheka tu, lakini mama alijibu, na akishajibu, kesho yake Koko yuko njiani.

Hakuenda mikono mitupu. Kikapuni alibeba alichopewa na asichopewa. Maziwa mgando ya kwenye kibuyu yalitoka Ngaramtoni yakaja Themi, sabuni ikatoka Themi ikaenda Maji ya Chai, ndizi zikatoka Maji ya Chai zikapanda Ngaramtoni, na humo humo vilisafiri vitu ambavyo wenyewe hawakuwa na habari. Kuna wakati mama aliitafuta sufuria yake kubwa nyumba nzima, akamshuku hata jirani. Baadaye mama mkubwa wa Maji ya Chai akapitia kwetu akielekea hospitali, na katika mazungumzo akasema Koko amemletea sufuria nzuri sana. Jumamosi mama akanishika mkono, tukaenda kuidai.

Tulimkuta mama mkubwa ameinjika loshoro katika sufuria hiyo hiyo, mahindi na ndizi, maziwa mgando yako pembeni yakisubiri. Mama alisimama mlangoni.

"Hiyo sufuria ni yangu," alisema.

"Najua ni yako," mama mkubwa akajibu bila kuacha kukoroga. "Niliitambua ilipofika. Nikasema niiache, atakuja mwenyewe kuifuata, maana hajaja siku nyingi. Ingia ukae."

Tulilala huko mpaka Jumatatu, nikakosa shule. Sufuria tuliiacha.

Mimi Maji ya Chai sikuwa mgeni. Mdogo wangu alipozaliwa, kabla sijaanza shule, Koko alinichukua akanipeleka kwa mama mkubwa ili mama apumue, nikakaa huko mpaka nikaanza kuongea Kimeru. Binti wa mama mkubwa na mimi tulikuwa karibu umri mmoja. Tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja, na mama yake nilimwita mama tu, bila kuongeza mkubwa. Maji ya kule yana rangi, na yana madini yanayoharibu meno ya mtoto anayekua akiyanywa. Meno ya dada yangu huyo yalikuwa ya kahawia kabisa. Yangu yalishika michirizi. Shuleni Themi watoto walinicheka kwa hiyo michirizi, lakini Koko aliipenda. Wageni wakija alinishika kidevu na kunifungua mdomo kama ng'ombe anayekaguliwa mnadani. "Huyu ni wa Maji ya Chai pia," alisema. "Tazameni wenyewe."

Alipoingia kwetu alianza kutoa habari kabla hajakaa. Alisema dada wa mama amesema nini juu ya mama, na alikisema vilevile kilivyosemwa, pamoja na uso uliokisema. Mama alikasirika, akatoa jibu, na jibu likaondoka na kikapu. Kwa hiyo dada hao wawili, ambao waliweza kukaa msimu mzima bila kuonana, walikuwa katika mabishano yasiyokatika. Kila mmoja alijua mwenzake anaumwa nini, amepanda nini, ana kinyongo gani. Sisi watoto tulijua pia. Nilijua mbuzi wa mjomba waliozaa, na nilijua mwalimu gani anamchapa dada yangu wa Maji ya Chai.

Hiyo ilikuwa miaka ya uhaba, mafuta ya gari hayapatikani, mabasi ni ya kuhesabu. Kutoka Ngaramtoni Koko alikata katikati ya mashamba ya kahawa kwa miguu hadi mjini. Kwenda Maji ya Chai alisimamisha malori ya ndizi, na madereva walimjua. Hatukuwahi kufikiri kwamba anataabika. Alifika amechoka, akavuta ugoro wake, akapiga chafya, akaanza kulalamika juu ya alikotoka.

Kisha biashara ikaruhusiwa. Maduka yakajaa sabuni, sukari na mafuta ya kula, mitumba ikamwagwa chini barabarani watu wachague. Mjomba, ambaye zamani alivusha maharage mpakani Namanga kwa kujificha, sasa aliyavusha mchana kweupe na kurudi na vitambaa. Alinunua lori, akaongeza la pili, akajenga ghala Ngaramtoni. Wakati huo huo kiwanda cha baba kilipunguza wafanyakazi, na baba akawa mmoja wao. Alijaribu kufuga kuku, wakafa kwa kideri. Alikuwa mtu wa kuvaa shati lililopigwa pasi kila siku, na alipokosa kazi aliendelea kulivaa, anakaa nalo kwenye kibaraza. Mjomba ndiye aliyemwinua. Alimpa kazi ya kusimamia ghala lake la mahindi.

Sitaki mtu anielewe vibaya kuhusu mjomba. Alitupenda. Tulipokuwa wadogo alitubeba mabegani. Lakini siku moja ya soko pale Ngaramtoni, mfanyabiashara mwenzake aliyekuwa akishindana naye alimwambia mbele ya watu, "Mimi nina gari moja tu, lakini mama yangu haonekani barabarani na kikapu kama ombaomba." Baba alikuwepo akasikia. Alituambia kwamba mjomba aliingia ghalani akakaa juu ya magunia.

Wiki ile ile mjomba alikuja Themi. Alikataa soda, akaketi mbele ya mama.

"Dada, mama hatatembea tena," alisema. "Namjengea."

"Ana nyumba."

"Ana kibanda cha udongo. Namjengea ya tofali, maji ndani, umeme ndani. Akae kama mama mwenye mtoto."

"Mwenyewe anapenda kuja huku."

"Hapendi. Anakuja kwa sababu hana mahali pazuri pa kukaa. Na nyinyi mkimpokea mnaniaibisha mimi. Akija, mrudisheni. Mkishindwa, shemeji aniambie pale ghalani, nitamtuma dereva."

Mama alimtazama baba. Baba alikuwa anaitazama mikono yake.

"Sawa," mama akasema.

Nimeisikia hiyo sawa ya mama mara nyingi sana kichwani mwangu, na kila nikiisikia sijui nimkasirikie nani. Kazi ya baba ilikuwa bado changa. Sisi tulikuwa tunakula.

Nyumba ilimalizika baada ya mvua za masika. Siku ya kuibariki mjomba alichinja mbuzi na ng'ombe, mchungaji akaja na kwaya, na sisi wote tulikwenda, na wa Maji ya Chai wakaja na mkungu wa ndizi uliobebwa na watu wawili. Ilikuwa nyumba nzuri kweli. Ilikuwa na vigae sakafuni, sofa zilizofunikwa vitambaa vya kushonwa, televisheni, na kuizunguka yote ukuta wenye geti la chuma, jeusi, lenye kengele. Mlinzi alikuwa amevaa buti.

Koko alipoonyeshwa chumba chake alikaa ukingoni mwa kitanda, akalibonyeza godoro kwa kiganja, akazungusha macho. Kisha akasema jambo kwa Kimaasai, lugha ya Waarusha, polepole. Waarusha wote chumbani wakacheka. Mchungaji alitoka Moshi, hakuelewa, na mama akamtafsiria: "Anasema nyumba ni nzuri. Anauliza, siku nikikasirika niende wapi?"

Mchungaji naye akacheka. Mjomba alicheka kuliko wote, akapiga magoti mbele ya mama yake, akainamisha kichwa amguse kama mtoto anavyosalimia.

"Yeyo, humu hakuna wa kukukasirisha," alimwambia, akimwita mama kwa Kimaasai.

Koko alimgusa kichwa. Lakini alikuwa ameuliza swali, na alikuwa bado anangoja jibu. Nilimwona akimtazama mama, kisha mama mkubwa. Kila mmoja alikuwa na cha kufanya na kanga yake.

Mara ya kwanza aliponyanyuka na kikapu chake, dereva wa mjomba alimkuta katikati ya mashamba ya kahawa, akamrudisha katika pikapu, amekaa mbele kama mkuu wa wilaya, watu wa Ngaramtoni wanamtazama. Mlinzi alikatwa mshahara. Mara ya pili alisubiri mlinzi aende msalani, akafika Maji ya Chai.

Nilikuwa huko. Ilikuwa likizo, na maharage yalikuwa yamevunwa. Koko aliingia uani jua la saa nne, akaketi juu ya gunia tupu na kuanza kupukuchua pamoja nasi kana kwamba alikuwa amekwenda tu mtoni. Alitueleza ubaya wote wa nyumba yake mpya. Vigae vinateleza. Mke wa mwanawe anampikia wali kila siku kama mgonjwa. Mlinzi ni mlevi. Mama mkubwa alicheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Yeyo, wewe hata mbinguni utalalamika," na Koko akasema ndiyo, itategemea nani anapika.

Mjomba alikuja mwenyewe kesho yake. Tulisikia gari kabla hatujaliona. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, viatu vyake vikikanyaga maganda.

"Yeyo, twende nyumbani."

"Sijamaliza maharage," Koko akasema.

Mjomba akamgeukia mama mkubwa. "Kwa hiyo mnamfanyisha kazi. Mama yangu mimi, mnamgeuza kibarua."

Mama mkubwa alisimama. Ungo ukaanguka. "Mama yako wewe? Mimi nilizaliwa na nani?"

"Mimi ndiye ninayemtunza."

"Nani alikuambia hatumtunzi? Kwa sababu hatuna ukuta?"

Baba mkubwa, mumewe, alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye heshima sana. Alitoka ndani na kigoda. "Shemeji," alisema, "karibu ukae kwanza. Unywe chai, ndipo tuzungumze."

"Chai ya maji haya?" mjomba akasema. "Nimeyaona meno ya watoto wenu."

Dada yangu alikuwa amesimama karibu na mimi. Alikuwa msichana wa kumi na kitu, ameanza kujipenda. Alifunga mdomo, kisha akauweka mkono juu yake, na hakuutoa mpaka tulipoondoka.

Baba mkubwa alirudisha kigoda ndani. Mama mkubwa alisema kwa sauti ya chini kuliko zote alizotumia siku ile, "Mchukue. Mkifika, fungeni hilo geti lenu vizuri. Hapa hakuna atakayekuja kuligonga."

Koko alinyanyuka mwenyewe. Alikwenda garini na maharage aliyokuwa akipukuchua yakiwa bado ndani ya kanga yake, amekunja ncha zake. Mjomba akaniona. "Na wewe panda, nitakushusha Themi." Nilikuwa mtoto wa shule na yeye ni mjomba, nikapanda. Njia nzima Koko alitia maharage mdomoni, moja moja, mabichi, akawa anayatafuna kwa yale meno machache aliyobaki nayo.

Baada ya hapo mama mkubwa alitimiza neno lake. Hakukanyaga Ngaramtoni, na kwa kuwa baba alikula mkate wa mjomba, kwetu pia aliacha kuja. Mama alisema atakwenda kumtuliza, akasema atakwenda Pasaka, akasema atakwenda mvua zikikatika. Aliona haya. Siku ile ya "sawa" ilikuwa imemkaa kooni. Na jambo linalonichukiza mpaka leo ni kwamba wakati huo usafiri ulikuwa umejaa. Vifodi viligombania abiria barabara ya Nairobi na ya Moshi, makondakta wanakuvuta mkono upande. Watu waliotembeleana wakati hakuna lita ya dizeli mjini, sasa walikuwa saa moja tu kutoka kwa wenzao na hawakwenda.

Mimi nilimtembelea Koko Jumapili nyingi, nikiongozana na baba anapokwenda kukagua ghala. Nilibonyeza kengele. Mlinzi aliuliza mimi ni nani, hata alipokuwa ananijua, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa. Koko nilimkuta kwenye sofa, miguu haigusi vigae vizuri, televisheni inaongea Kiswahili cha haraka asichokifuata. Alikuwa msafi. Nguo zake zilipigwa pasi. Mjomba alikuwa amemkataza ugoro kwa sababu ya kapeti.

Mwanzoni aliniuliza, "Habari za Maji ya Chai?" nami nikasema sina. Akanitazama kwa dharau. "Unatoka mjini, huna habari?" Aliuliza tena Jumapili nyingine, na nyingine, kisha akaacha kuuliza.

Halafu akaanza kutoa yeye. Siku moja nilipoketi tu aliniambia kwamba dada yangu wa Maji ya Chai anaolewa. Mchumba ni yule fundi seremala wa Usa River, posa imeshapokelewa, harusi ni baada ya mavuno.

"Nani amekuambia, Koko?"

"Watu wa sokoni. Wanawake wa Kimeru wanaoleta ndizi."

Hilo liliwezekana, maana wanawake wa Kimeru walileta ndizi Ngaramtoni kila soko, na huyo fundi tulishamsikia zamani. Nilirudi nikamwambia mama. Sijawahi kumwona akifurahi vile. Alisema hii ndiyo nafasi, harusi haina hasira. Alikwenda sokoni akachagua kitenge kizuri, doti nzima, na mashuka ya kufuma, akavifunga vizuri, akaandika juu ya karatasi "kwa bibi harusi". Kwenda mwenyewe bado hakuthubutu. Alisema atangulize zawadi, akialikwa atakwenda. Akampa kondakta wa basi la Moshi ampelekee mama mkubwa pale stendi ya Maji ya Chai.

Mwaliko haukuja. Baada ya mavuno kondakta yule yule alishusha kifurushi kwetu. Kilikuwa kimefunguliwa na kufungwa tena, kitambaa kimekunjwa upya kwa unadhifu. Hakikuwa na neno lolote.

"Amekataa hata zawadi," mama akasema. Alilia kidogo, kisha akakasirika, kisha akakitia kifurushi katika sanduku lake la bati. "Kama hataki undugu, basi."

Koko aliendelea na habari. Ng'ombe wa Maji ya Chai amezaa pacha. Baba mkubwa amechaguliwa mzee wa kanisa. Baba mkubwa amenunua trekta. Hapo kwenye trekta nilishtuka, maana shamba la baba mkubwa halikuwa na nafasi hata ya trekta kugeuza. Nikiwa natoka nilimuuliza mlinzi kama kuna akina mama wa ndizi wanaokuja kuzungumza na bibi.

"Hakuna," alisema. "Tajiri amekataza wauza ndizi kuingia. Bibi haongei na mtu, anakaa tu."

Nilimweleza mama jioni ile ile. Alikuwa anachambua mchele, akaacha.

"Kwa hiyo hakuna aliyemwambia juu ya harusi," alisema.

"Hakuna."

Nilimwambia aende Maji ya Chai amweleze mama mkubwa yaliyotokea.

"Nimwambie nini?" akaniuliza. "Kwamba mama yetu siku hizi anatunga? Kwamba tumemfungia mpaka anatunga?" Akarudi kwenye mchele wake. "Mwache Koko atunge. Hana kitu kingine."

Koko alifariki katika nyumba ile, kitandani, mchana. Daktari alisema ni presha. Mjomba alimzika kwa heshima ambayo Ngaramtoni ilikuwa haijaiona. Jeneza liling'aa, mahema yalikodishwa, mtu wa kamera ya video alitembea katikati ya waombolezaji akituelekezea taa usoni. Alikuwepo pia mshereheshaji mwenye kipaza sauti, kijana wa mjini aliyezoea harusi. Kabla ya ibada alitangaza kwamba familia ni kubwa na wengine hatufahamiani, kwa hiyo tutambulishane.

"Naomba wajukuu kutoka Themi wasimame tuwaone," alisema. Tukasimama mimi na mdogo wangu. "Wapungieni mkono. Asanteni. Sasa wajukuu kutoka Maji ya Chai."

Wakasimama ng'ambo ya pili ya jeneza. Wawili kati yao sikuwajua, walikuwa wamekua. Dada yangu nilimjua. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Mshereheshaji alituomba tupungiane, na tukapungiana. Mama yangu na dada yake walikuwa wamekaa benchi moja la wafiwa, mjomba katikati yao, kama mpango wa viti ulivyotaka.

Baada ya mazishi nilimfuata dada yangu nyuma ya nyumba, ambako wanawake walikuwa wanaosha sahani. Kijana mmoja aliyekuwa naye, mdogo wake, aliniamkia, "Shikamoo," kisha akauliza kwa adabu, "Samahani dada, wewe ni wa upande gani?" Kijana huyo nilikuwa nimembeba mgongoni kwao alipokuwa mtoto.

"Ni wa Themi," dada yangu akamjibu kabla yangu. Hakuacha kuosha.

Nilimpa pole. Akanipa pole. Nikamuuliza mtoto anaitwaje, akanitajia. Nikasema sikujua ameolewa.

"Sijaolewa."

Nilichukua sahani nikaanza kuosha nami, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono. Ndipo akasema, bila kupandisha sauti, "Ila nyinyi mlinitumia kitenge cha bibi harusi."

"Koko alituambia unaolewa na yule fundi."

"Fundi aliniacha na mimba. Mwezi ule ule. Baba akawa hatoki nyumbani kwa aibu. Mama akaenda stendi kuchukua kifurushi akidhani mama mdogo ametukumbuka. Akafungua pale pale mbele ya watu. Kwa bibi harusi." Alikung'uta maji mikononi. "Mama alisema, wamesikia, na wamecheka."

Nilimweleza yote. Nilimweleza habari za mlinzi, za trekta, za Koko kukaa peke yake na kutunga maisha yetu kwa kuwa hakuweza tena kwenda kuyaona. Nilizungumza kwa haraka na nilikuwa nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinisadiki, hilo niliona. Lakini alipanga sahani zake, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akasema, "Ungekuja kutuambia wakati ule. Kulikuwa na mabasi."

Alikuwa na haki ya kusema hilo, ingawa mimi pia ningeweza kumwambia maneno hayo hayo.

Mjomba alikuwa amesimama barazani anaagana na watu. Alikuwa amevimba macho. Alimshika mama mkono akasema, "Dada, nilimpa kila kitu." Mama alisema, "Ndiyo, ulimpa." Mama mkubwa alikuwa hatua chache pembeni. Alisikia, akaendelea kutafuta viatu vyake.

Siku hizi mjomba huja Themi mara nyingi. Watoto wake wamekwenda kusoma mbali, mke wake ana shughuli zake za kanisa. Baba aliacha ghala miguu ilipoanza kumsumbua, kwa hiyo mjomba haji kwa kazi. Anakuja tu. Mama humletea chai kwenye trei, katika kikombe cha wageni chenye kisahani, na huketi naye mpaka amalize. Hawana cha kuambiana, maana hakuna anayewabebea maneno, na wenyewe hawajui kuanza.

Mara ya mwisho nilipokuwepo aliuliza, "Dada yetu wa Maji ya Chai hajambo?"

"Sijui," mama akasema. "Ungemuuliza mwenyewe."

"Gari liko nje. Twende wote, sasa hivi."

Mama alitazama dirishani, lilipokuwa limesimama gari, kubwa, safi. Nilidhani atasimama. Alikusanya kikombe na kisahani akavirudisha kwenye trei.

"Leo nina nguo za kufua," alisema.

Mjomba alikaa kidogo zaidi, akatuaga, akageuza gari kuelekea Ngaramtoni.